Mmetolewa. Sasa Hesabuni Vizuri: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Basi la shule likitoka Mombasa na timu ya mpira wa kikapu iliyotolewa kwenye michezo ya ukanda wa Pwani, hukumu huwahi kupita. Likifika Malindi watuhumiwa ni watatu. Likifika Minjila amebaki mmoja, na kabla ya magharibi jina lake limeshazunguka vijiwe vyote vya Garsen. Ushahidi wenyewe ni picha ya karatasi ya matokeo, imepigwa kwa simu, nusu yake haisomeki. Maagizo haya ni ya mwalimu wa michezo, nahodha, mzazi aliyechangia nauli, na sisi wa kijiweni tunaotazama NBA kwa simu usiku wa manane, kisha asubuhi tunajiona makocha.

Usitaje takwimu za mtu ndani ya basi. Nyamaza. Waache walale.

Jua kwanza karatasi inasema nini, na haisemi nini. Ichukue karatasi rasmi ya mchezo, ile inayofuata sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, uisome polepole. Robo ya kwanza na ya tatu zimeandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa nyeusi au buluu. Kikapu cha kawaida kimepigwa mkwaju kwenye namba ya alama. Mtupo huru ulioingia umewekewa nukta nene. Aliyefunga alama tatu namba yake ya jezi imezungushiwa duara. Faulo zimeandikwa kwa herufi, na ya tano humtoa mchezaji. Alama ya X inaonyesha nani aliingia uwanjani, na X yenye duara ni ya wale watano walioanza.

Basi, ni hayo. Ribaundi hazimo. Asisti hazimo. Mipira iliyopotezwa haimo. Mitupo ya kawaida iliyokosa haimo kabisa: aliyerusha mara ishirini akaingiza tano, na aliyerusha mara tano akaingiza zote, wanatoka sawa. Dakika hazimo vilevile. Aliyeingia robo ya nne kwa dakika mbili ana X kama aliyecheza nusu saa. Anayekuambia "takwimu zinaonyesha Fulani ni mvivu" na mkononi ana karatasi hii tu, anasoma kisichoandikwa.

Weka mwanafunzi wa kuandika yanayokosekana kwenye karatasi. Daftari la hesabu, penseli na macho makini vinatosha. Safu ya kila mchezaji iwe na mitupo iliyoingia, iliyokosa, ribaundi za mbele na za nyuma, pasi alizotoa na aliyempa, mipira aliyopoteza, dakika ya kuingia na ya kutoka. Asiwe mchezaji wa akiba, maana huyo atashangilia na kusahau kuandika. Na asiwe rafiki wa nahodha.

Usimpime mtu kwa alama peke yake. Kosa hili ndilo kubwa, na kila mwaka linatupa nahodha asiyefaa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji wa kwanza kafunga alama 18, kijiji kizima kinamsifu. Daftari linasema amerusha mara 20 akaingiza 7, na katika mitupo huru 10 ameingiza 4. Mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili, kwa hiyo ihesabu kama nafasi tano. Jumla ametumia nafasi 25 kuleta alama 18, yaani 0.72 kwa kila nafasi. Mwenzake ana alama 10 tu, lakini amerusha mara 7 akaingiza 5, hakupata mtupo huru hata mmoja: 1.43 kwa kila nafasi, karibu mara mbili ya shujaa wetu. Timu ikiwa imeshindwa kwa alama nne, mitupo huru sita iliyokosa iko wazi mbele yako. Hapo swali la kuuliza ni kwa nini yule wa pili hakupewa mpira zaidi. Jibu mara nyingi liko kwa kocha, na ndiyo sababu swali lenyewe haliulizwi.

Lakini usikimbilie asilimia nayo ukaiabudu. Fainali ya NBA ya 2015, LeBron James alimaliza na wastani wa alama 35.8, ribaundi 13.3 na asisti 8.8, na timu yake ya Cleveland ikashindwa na Golden State 4–2. Mitupo yake iliingia chini ya asilimia 40. Ukitaka kumlaumu, una namba. Ukitaka kumsifu, una namba. Ukweli ulikuwa kwenye viti vya majeruhi: Kevin Love hakucheza fainali hiyo, Kyrie Irving aliumia mechi ya kwanza. Aliyebaki alirusha mipira ambayo katika timu kamili angempa mwingine. Kabla hujasema kijana wako "anarusha hovyo", angalia nani mwingine alikuwa uwanjani wa kurusha.

Usifanye mashindano ya siku chache kuwa tabia ya mtu. Houston Rockets mwaka 2018, mechi ya saba ya mtoano wa NBA dhidi ya Golden State, walikosa mitupo 27 mfululizo ya alama tatu. Walirusha 44, ikaingia 7. Hao walikuwa wakirusha vizuri msimu mzima, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Mtoto wako karusha mara tisa kwa mashindano mazima, wewe unatangaza kwamba mkono wake umekufa? Mechi tatu zisomwe pamoja na mechi zote za muhula. Kama za muhula hazikuandikwa, funga mdomo.

Usimhukumu mtu kwa mtupo wa mwisho. Februari 2021, huko Yaoundé, Tylor Okari Ongwae aliifungia Kenya kikapu cha mwisho mchezo ukiisha, tukaishinda Angola 74–73, mabingwa wa Afrika mara 11, na Morans, timu yetu ya taifa, wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mwaka huo huo, kwenye AfroBasket yenyewe huko Kigali, Kenya ikatolewa na Sudan Kusini 60–58. Tofauti ya alama moja huku, mbili kule. Mpira wa Yaoundé ungegonga ringi na kutoka nje, dakika zote zilizotangulia zingebaki zilezile, ila sisi tungezisimulia kama aibu. Mechi ya alama mbili ina makosa tangu robo ya kwanza, ya kalamu nyekundu. Yahesabu yote.

Tazama alikuwa anakabana na nani. Namba za michezo ya kaunti, dhidi ya shule iliyokusanya timu wiki moja kabla, si sawa na namba dhidi ya timu kali kama shule ya Kaya Tiwi ya Kwale. Ziandike kurasa mbili tofauti. Beki aliyefunga alama mbili lakini mfungaji tegemeo wa wapinzani akaondoka na nne, huyo kashinda vita yake, hata kama hakuna aliyempiga picha.

Ihesabu na safari. Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na timu ya Hola huanzia mbali zaidi. Ukiona namba za mechi ya asubuhi baada ya usiku wa kulala sakafuni darasani zimeanguka kwa timu nzima, hapo mwenye makosa si mchezaji. Ni aliyepanga basi litoke saa sita mchana.

Usihesabu kwa kabila. Huku kwetu jambo hili halina utani. Mapigano ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana mwaka 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja, na bado kuna anayeweza kusema Mpokomo alimnyima pasi Muorma, au kinyume chake. Akisema, fungua daftari mbele yake na mhesabu pasi pamoja. Kama hakuna daftari, mwondoe kwenye mazungumzo.

Usisome namba za mtoto kwenye paredi. Mwite pembeni, mwonyeshe ukurasa wake peke yake, muulize yeye anaona nini. Mara nyingi atakutajia kosa ambalo hukuliona.

Weka faili shuleni. Isiwe kwenye simu ya mwalimu. Mwalimu huhamishwa na TSC, tume ya walimu, muhula unapoisha, simu huanguka majini, na anayekuja huanza upya na majungu ya kijiweni. Karatasi rasmi na kurasa za daftari zibanwe pamoja, tarehe na jina la mpinzani juu, zikae ofisi ya michezo, ufunguo kwa naibu mkuu wa shule.