Diski Ilipotutoa Jasho



Muhula uliopita mhariri alinituma nifungue makala ya jarida hili katika tarakilishi ya chama (wakongwe wangali wanaiita ngamizi). Faili ya kwanza ilifunguka. Ya pili ikakwama, mashine ikaganda, kisha ikadai haiwezi kusoma. Kazi 31 zilikuwa humo na nakala nyingine hatukuwa nayo popote. Jamani, nilitokwa na jasho!

Nilizima nikawasha mara tatu. Halafu, kwa kujifanya fundi, nikataka kuanzisha programu ya kurekebisha diski. Mwalimu wa tarakilishi akanidaka. "Wacha hiyo, kijana! Mgonjwa hoi unamkimbiza mbio umpime nini?"

Hebu tuelewe. Ndani ya diski ya aina hii mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake bila kuzigusa. Data hukaa katika vipande viitwavyo sekta. Diski yetu ni ya gigabaiti 320, na kila sekta ina baiti 512, kwa hivyo zipo kama milioni 625. Uso wa sahani ukichubuka mahali, sekta za hapo hazisomeki. Diski huwa na sekta za akiba, lakini ile mbovu kwa kawaida haibadilishwi hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Itahamishaje isichoweza kusoma? Ndiyo sababu kurekebisha kwanza ni hatari: waweza kufuta kilichokuwa bado chaokoka.

Mwalimu akatufungulia takwimu za SMART, ambazo diski hujiwekea yenyewe. Nambari 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, 197 zile zinazosubiri. Kwetu ya kwanza ilikuwa 112, ya pili 64. Nambari 199 ikipanda, kagua kebo kabla ya kuilaumu diski. Yetu ilikuwa sifuri, basi kebo haikuwa na hatia.

Tukaiunganisha na diski nyingine kubwa zaidi, tukaendesha programu ya ddrescue kwenye Linux. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu nzima nzima, zile ngumu huzirukia, kisha huzirudia pole pole. Pia huandika ramani ya ilikofika, hata stima ikipotea (na ilipotea!) haianzi upya. Asubuhi zilibaki sekta 48, yaani baiti 24,576 tu. Ukarabati wote tuliufanya kwenye nakala, siyo kwenye diski yenyewe.

Ila diski ikigonga tok-tok-tok, zima papo hapo, kwani huenda vichwa vyenyewe ndivyo vibovu. Usiifungue pia; chembe ya vumbi kwake ni jabali. Na yule mwenzetu aliyeshauri tuitie kwenye friji ya jikoni, tulimshukuru tukaendelea na kazi.

Kazi 30 zilitoka salama. Iliyoharibika ni shairi la dada mmoja wa kidato cha pili: beti mbili za mwisho ziligeuka herufi za ajabu ajabu. Ameziandika upya, na shairi mtalisoma humu humu jaridani. Yeye ashikilia kwamba zile za kwanza zilikuwa tamu zaidi, nami sina la kumjibu.