Homoni ya Estrojeni na Ugonjwa wa Kifafa

Kifafa si ugonjwa mgeni katika nyanda za kati za Tanzania. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, huhudumia pia wagonjwa kutoka Iramba na Mkalama, mkoani Singida. Uchunguzi uliofanywa huko umeonyesha kwamba mabuu ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni ni mojawapo ya visababishi vyake.

Lakini kisababishi cha ugonjwa ni jambo moja, na siku ambayo mgonjwa hushikwa na kifafa ni jambo jingine. Kwa takriban theluthi moja ya wanawake wenye kifafa, siku hizo hufuata mzunguko wa hedhi. Kwa nini?

Ndani ya ubongo, kemikali iitwayo glutamati huzichochea seli za neva, na nyingine, GABA, huzituliza. Uchochezi ukiushinda utulivu, seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja, na mtu huanguka. Estrojeni huongeza uchochezi. Mwaka 1990, Catherine Woolley na wenzake, mjini New York, walionyesha kwamba katika panya jike vichomozo vya seli za neva, ambavyo hupokea habari, huongezeka estrojeni inapopanda. Projesteroni hufanya kinyume: mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayoitia nguvu GABA.

Hata hivyo, estrojeni haistahili kuitwa sumu. Kifafa kisichokatika kwa muda mrefu huua seli za neva. Na katika majaribio kadhaa, panya waliopewa estrojeni kabla walipoteza seli chache zaidi. Matokeo hutegemea kipimo na wakati. Homoni hiyohiyo, basi, huweza kuchochea kifafa na pia kuilinda seli isife.

Yapasa mwalimu amshauri mwanafunzi mwenye kifafa aandike katika kalenda siku za hedhi na siku alizoanguka, kisha ampelekee mganga. Dawa zisiachwe wala kupunguzwa bila idhini yake. Mtu aliyeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani. Hali ikizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Kumgusa hakuambukizi.

Zoezi: Siku chache kabla ya hedhi, estrojeni na projesteroni zote mbili hushuka. Eleza kwa nini baadhi ya wasichana hushikwa na kifafa wakati huo.