Baraza Penye Mwamba

Ukimwuliza mwanafunzi bunge ni nini, mara nyingi atakutajia jumba, viti na spika. Lakini katika kisiwa cha Aislandi, kaskazini ya Ulaya, baraza kuu lilianza yapata mwaka 930 mahali pasipokuwa na jumba lo lote. Mahali hapo paitwa Thingvellir, maana yake Nyanda za Baraza.

Kwa nini wakapachagua? Ari Thorgilsson, mwandishi wa kale, asimulia kwamba mwenye ardhi ile alipatikana na hatia ya kumwua mtumwa au huru wa mtumwa, basi ardhi ikawa mali ya watu wote. Waliokuja barazani walikata kuni msituni na farasi wao wakala majani bila malipo. Mto Öxará ulipita papo hapo, na kusini yake pana ziwa kubwa. Upande wa magharibi ardhi imepasuka ufa mrefu, na ukuta wake wa mwamba umesimama wima. Nchi yaachana pale polepole, kama inavyoachana katika Bonde la Ufa letu.

Penye Mwamba wa Sheria alisimama Msemaji wa Sheria. Sheria hazikuanza kuandikwa mpaka majira ya baridi ya 1117, kwa hiyo alizihifadhi moyoni, akatamka theluthi moja kila mwaka, akazimaliza kwa miaka 3. (Wanaonung'unika kukariri tarehe za historia na wamfikiri mtu huyu!) Mfalme hawakuwa naye, wala askari; aliyeshinda kesi alitimiza hukumu mwenyewe, pamoja na jamaa zake.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1000. Wakristo na wafuasi wa miungu ya kale walikanana mbele ya baraza, kila upande ukisema haufungwi tena na sheria ya wenzao. Vita vilikuwa karibu. Shauri likawekwa mikononi mwa Msemaji Thorgeir, naye hakuwa Mkristo. Alijifunika nguo akalala kimya, mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi akawaambia kwamba wakiipasua sheria wataipasua na amani. Basi wote wabatizwe, ila desturi chache za kale, kama kula nyama ya farasi, ziachwe kwanza. Pande zote mbili zikakubali.

Miaka ya 1262 hadi 1264 nchi iliingia chini ya mfalme wa Norwe, lakini watu waliendelea kukutana pale mpaka 1798. Tarehe 17 Juni 1944 walirudi kwa maelfu, mvua ikinyesha, kutangaza jamhuri yao. Hata leo mgeni huonyeshwa misingi ya mawe ya vibanda, ambavyo wenyewe walivitandikia nguo kila baraza lilipokutana.