Gari Lililokaa juu ya Mawe

Soma habari hii polepole. Kisha jadilianeni darasani.

Katika vijiji vingi vya Nkasi utaona gari kuukuu limesimama nyuma ya nyumba. Matairi hayapo. Gari limewekwa juu ya mawe. Kuku wanataga mayai kwenye kiti cha dereva. Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu: "Hilo nitalitengeneza." Mwaka unapita, na mwingine unapita.

Mengi ya magari hayo ni Land Rover za zamani, zile pikapu zenye nafasi ya mizigo nyuma. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Ndiyo sababu unaweza kuliona gari la miaka 40 bado lina bodi nzuri.

Lakini tazama chini. Bodi imefungwa juu ya fremu ndefu inayoitwa chesisi. Chesisi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kimya kimya. Chukua nyundo ndogo uigonge toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kigae, na pengine nyundo hutoboa. Mtu asiyegonga chesisi atapaka rangi gari ambalo litakatika katikati.

Tuseme mzee mmoja wa Kipili ana pikapu ya namna hiyo. Imekaa juu ya mawe miaka tisa. Ujanani alikuwa utingo, baadaye akawa dereva. Mikono yake inalijua gari. Kusoma alijifunza ukubwani. Ana binti wa miaka 16 anayesoma sekondari, na sasa yuko likizo. Wamegonga chesisi, nayo imelia vizuri, isipokuwa kipande kimoja cha nyuma ambacho fundi atakichomelea. Sasa wanataka kulifufua gari.

"Baba, tuanze na injini," binti alisema. "Nataka niisikie inanguruma."

"Mama," mzee alimjibu, "gari likikataa kuwaka litakuacha nyumbani. Likikataa kusimama, litakupeleka wapi?"

Mzee alikuwa anaufikiria mlima. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800. Gari la Kipili hupanda na dagaa na migebuka, na hurudi na mahindi na maharage ya Ufipa. Kupanda huijaribu injini. Kushuka huzijaribu breki, tena gari likiwa limejaa magunia.

Kabla ya kufungua chochote walifanya jambo moja. Binti alileta daftari. Kila kilichofunguliwa kiliandikwa: kimetoka wapi, kiko namna gani, kinahitaji nini. Nati na bolti za kila gurudumu zilitiwa katika kopo lake, na juu ya kopo liliandikwa jina la gurudumu. Mzee hapo mwanzo alicheka. "Mimi ninakumbuka," alisema. Lakini gari haliungwi kwa siku moja. Mvua inakuja, msiba unatokea, watu wanakwenda shambani. Baada ya wiki tatu nani atakumbuka nati ile ilitoka wapi? Mzee naye akaanza kuandika, kwa penseli, herufi kubwa kubwa.

INJINI

Injini iliyokaa muda mrefu usiilazimishe kuwaka. Ndani yake pistoni zinaweza kuwa zimeshikwa na kutu. Ukiilazimisha utaivunja. Petroli ya zamani imwagwe nje ya tangi, mbali na moto na mbali na kisima. Plagi zifunguliwe. Tia oili kidogo katika kila tundu la plagi, uiache siku mbili tatu ipenye. Kisha zungusha injini polepole kwa hendeli.

Hapa mzee alimfundisha binti jambo ambalo halimo katika vitabu vya shule. Unaposhika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Usikizungushie hendeli. Injini ikiwaka kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu na kuvunja kidole.

Binti naye alikuwa na lake. Kabla ya kung'oa nyaya za plagi alizifunga vitambaa vyenye namba. Injini ya Land Rover yenye silinda nne huwasha silinda ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Nyaya zikichanganywa, injini itapiga kelele na kutema moshi, wala haitakwenda.

Jambo la kutia mafuta chuma kinachokaa, watu wa Kipili wana mfano wake karibu. Wengi wanaikumbuka meli ya Liemba ikitia nanga kwao. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaungwa Kigoma. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliona wanashindwa. Waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wake walifanya kazi ya akili kwanza: walizipaka injini grisi nene. Kutu inahitaji maji na hewa kugusa chuma, na grisi ilizuia. Waingereza waliiopoa meli mwaka 1924. Injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Injini hizo za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Injini iliyokaa miaka minane chini ya maji ilifufuka. Basi ya mzee huyu, iliyokaa nchi kavu, haikuwa na sababu ya kukata tamaa.

BREKI

Hapa tukae kidogo.

Dereva anapokanyaga breki, mguu wake hausukumi gurudumu. Unasukuma mafuta. Mafuta ya breki yanapita katika mabomba membamba hadi kwenye kila gurudumu. Pale kuna silinda ndogo yenye mipira ndani. Mafuta yanasukuma silinda, silinda inasukuma breki shuu, yaani vile vyuma viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Breki shuu zinabana dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Gari linasimama.

Kazi hii inawezekana kwa sababu mafuta hayabonyei. Hewa inabonyea. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, usukume. Mkono wako unakwenda, lakini huko mbele hakuna kinachotoka. Hewa ikiingia katika bomba la breki, mambo ni hayo hayo: mguu unakwenda mpaka chini na gari halisimami.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za sentigredi. Yakiisha kunyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Gari linaposhuka mlima mrefu, dereva akakanyaga breki njia nzima, dramu hupata moto mkali. Moto unafika kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Breki iliyokuwa nzuri juu ya mlima inakufa katikati ya mteremko. Dereva anasema breki "imekataa". Kumbe ilianza kukataa siku nyingi, ndani ya chupa ya mafuta yasiyobadilishwa. Kwa hiyo mafuta yote ya zamani yamwagwe. Na dereva ashuke kwa gia ndogo, injini ilishike gari, breki ipumzike.

Wapo wanaotia maji ya sabuni mafuta ya breki yakiisha. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na huliza silinda kutu. Wapo wanaotia oili ya injini. Oili hiyo huvimbisha mipira na kuiharibu. Hayo yote si ya kufanya.

Mzee aliliinua gari kwa jeki, akaweka magogo mazito chini ya chesisi. Hakuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Alipofungua dramu ya kwanza alikuta vumbi jingi, akajiandaa kulipuliza kwa mdomo kama alivyozoea zamani.

"Baba, usipulize," binti alisema. "Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Linaleta saratani."

"Nani amekwambia?"

"Tumesoma shuleni."

Mzee alinyamaza kidogo. Alikuwa amepuliza dramu nyingi katika ujana wake. Kisha akaomba kitambaa na maji, akafuta vumbi likiwa limelowa, na kitambaa wakakizika ndani ya mfuko. Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo kwa dramu zote nne.

Baada ya kusafisha na kutia mafuta mapya, ilibidi kutoa upepo ndani ya mabomba. Hii ni kazi ya watu wawili, na haitaki haraka. Binti alikaa kwenye usukani. Mzee alilala chini na spana na kipande cha bomba la plastiki kilichoingizwa katika chupa. Walianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Mzee alifungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu. Mafuta yalitoka na mapovu. Akafunga. "Achia." Kama binti angeachia kabla skrubu haijafungwa, hewa ingerudi ndani na kazi ingeanza upya. Mara mbili ilitokea hivyo. Mzee hakumgombeza. Walirudia mpaka mapovu yakaisha, gurudumu kwa gurudumu, mpaka jua likazama ziwani.

MZIGO WA DAGAA

Injini iliwaka siku ya Alhamisi. Watoto wa jirani walikimbilia huko, na kuku wakahama. Jioni ile ile akaja mchuuzi wa dagaa. Alikuwa na magunia kumi ya kupeleka Namanyere kesho yake alfajiri, na ya kurudi nayo mahindi. Gari alilolitegemea lilikuwa limeharibika. Aliahidi kulipa taslimu, tena nusu papo hapo.

Mzee alizihitaji fedha hizo. Ada na matumizi ya shule vilikuwa vinangoja, na vifaa vya gari vilikuwa vimekula akiba yote. Alitazama gari likinguruma. Alikanyaga breki, ikashika.

"Mzee, gari zima hili," mchuuzi alisema. "Unangoja nini?"

Binti hakusema neno mbele ya mgeni. Alikwenda ndani, akaleta daftari, akampa baba yake likiwa wazi. Mzee alisogea kwenye taa. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, maandishi yake mwenyewe ya penseli: "GURUDUMU LA NYUMA KULIA. MPIRA UMECHAKAA. UNAVUJA KIDOGO. UNUNULIWE MPYA."

Alikuwa ameandika siku kumi na mbili nyuma. Mpira mpya ulikuwa haujafika kutoka Sumbawanga. Alitoa tochi, akainama, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu. Kidole kilitoka kimelowa.

"Kesho siendi," alimwambia mchuuzi.

Mchuuzi alikasirika, akaenda kutafuta gari jingine, akalipata. Fedha zile zilikwenda kwa mtu mwingine. Mama wa nyumba hakufurahi, na alisema hivyo waziwazi wakati wa chakula. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa na haki ya kusikitika.

Mpira ulifika Jumatano. Waliufunga, wakatoa upepo tena. Kisha mzee alilijaribu gari likiwa tupu mahali tambarare. Baadaye alipakia mifuko mitano ya mchanga, halafu kumi, kila mara akisimamisha gari na kukagua magurudumu yote. Kidole kilitoka kikavu. Binti aliandika tarehe. Yeye hakuendesha, kwa sababu leseni hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Ilibaki bima, na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani.

MASWALI

1. Kwa nini bodi ya Land Rover kuukuu huweza kuonekana nzuri wakati gari lenyewe ni bovu?

2. Mzee alijua nini ambacho binti hakujua? Binti alijua nini ambacho mzee hakujua?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini breki inaweza kufa katikati ya mteremko.

4. Gari linatoka Sumbawanga kwenda ziwani. Linashuka kiasi cha mita ngapi?

5. Mama wa nyumba alisema nini wakati wa chakula, unadhani? Mmoja wenu aigize mama, mwingine mzee.

6. Chagua chombo kimoja nyumbani kwako: baiskeli, mtumbwi, cherehani au mashine. Andika katika daftari lako mambo matatu yanayohitaji kutengenezwa, na tarehe ya leo.