Anayeua Septiki ni Sinki

Kiamunyi nyumba zimetangulia mabomba ya maji taka. Ukitoka Nakuru mjini kwa barabara ya Kabarak, karibu kila ploti ina septiki yake, na kando yake shimo la kufyonza maji. Mimi husimamia nyumba chache za kupangisha huku, na septiki inapofurika lawama zote huangukia choo: ati wapangaji wamezidi, ati watoto wanachezea maji. Mimi huanza kwa kuchungulia sinki la jikoni.

Kazi ya septiki ni kutuliza maji. Vizito vinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea na kushikana utando, na maji ya katikati ndiyo yanayovuka kwenda shimoni. Bakteria hupunguza kinyesi vizuri tu, lakini mafuta huwashinda kasi. Utando unanenepa mpaka unafikia paipu ya kutokea, na hapo mafuta yanaanza kuhamia kwenye shimo la kufyonza. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano, unakunywa maji upesi, ila kuta za shimo zikishapakwa mafuta hazinywi tena. Lori la eksosta litanyonya maji yote uone shimo tupu, lakini halikwangui kuta. Ndiyo sababu mtu analipa leo na wiki ijayo shimo limejaa.

Baridi nayo inachangia. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mafuta ya kukaangia chapati yanaganda kwenye sufuria kabla hujamaliza kula. Ndani ya paipu ni vivyo hivyo. Wengi humwagia maji ya moto na sabuni wakaona sinki limefunguka, kumbe mafuta yamesogea mita chache tu yakaganda mbele, mahali ambapo mkono haufiki. London, mwaka 2017, walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Mafuta yake nayo yalianzia kwenye masinki.

Dawa ya kwanza haina gharama: pangusa sufuria na karai kwa gazeti kuukuu kabla hazijagusa maji. Mafuta yaliyochoka ya chipsi au mandazi yaingie kwenye chupa yenye kifuniko, yaende na takataka.

Ya pili ni mtego wa mafuta, na hapa ndipo mafundi hukosea. Ni kisanduku cha matofali kilichopigwa plasta, sentimita kama 60 kila upande kwa nyumba moja, kinachowekwa kati ya sinki na septiki. Maji ya choo na ya bafu yasipite humo kamwe. Siri iko kwenye paipu ya kutokea: lazima ipinde kuelekea chini, mdomo wake ukae karibu na sakafu ya kisanduku, ili maji ya chini yatoke na mafuta yabaki juu. Fundi akiilaza juu kama ya kuingilia, amekujengea manholi ya kawaida. Mfuniko uzibe vizuri, lakini mtu mmoja aweze kuuinua, maana usipoinuka hautafunguliwa.

Mimi hufungua kila baada ya wiki mbili, asubuhi mapema mafuta yakiwa bado magumu. Juu unakuta gamba la rangi ya maziwa yaliyochacha, lina punje za wali na vipande vya sukuma wiki. Ukilisukuma kwa upawa linavunjika mapande. Ukingoja jua la saa sita linakuwa uji na kazi inakushinda. Lichanganye na vumbi la mbao, litie mfukoni, uhesabu ni takataka. Baada ya Krismasi, unene wa gamba hilo sihitaji kueleza.

Septiki yenyewe ipime kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Uteremshe mpaka chini, subiri kidogo, uutoe taratibu: weusi ulioshika kitambaani ndio kina cha tope. Likifika theluthi ya kina cha maji, ita eksosta. Usiinamishe kichwa, usiwashe sigara, na mtu asiingie ndani hata tangi likiwa tupu. Hewa ya humo inaua, na mara nyingi huua pia anayeshuka kuokoa.

Hamira na paketi za dawa ya septiki mimi sinunui; bakteria tunawaletea wenyewe kila siku. Maji ya paa nayo yaende kwingine, maana masika yakiingia humo yanavuruga tope na kulisukuma shimoni.

Eksosta ikija, mwulize dereva leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na anakwenda kumwaga wapi. Wapo wanaotafuta mtaro gizani, na mitaro ya Nakuru huteremka kuelekea ziwani. Tope likifika kwa Nawassco, kampuni ya maji na maji taka ya Nakuru, lina kazi: kampuni yao tanzu, Nawasscoal, hulikausha, hulichoma na kulifinyanga kuwa makaa ya kupikia. Mpangaji wangu mmoja aliposikia hivyo aliapa hatayachomea mahindi. Mama wa chapati wa pale langoni aliuliza bei.