Kirchhoff Avuka Mto: Somo la Koili na Kapasita

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba tu, ati fizikia haiwezi kukaa ndani yake. Mimi nasema inakaa, tena inakaa vizuri. Leo nitaeleza jambo linalowatoa wengi jasho: kanuni ya kitanzi ya Kirchhoff katika saketi ya koili na kapasita. Twende polepole, maana haraka haraka haina baraka.

KANUNI YENYEWE

Mjerumani Gustav Kirchhoff alitoa kanuni zake za saketi mwaka wa 1845. Ile ya kitanzi inasema hivi: ukizunguka saketi nzima na kurudi pale ulipoanzia, volti ulizopanda na ulizoshuka zikijumlishwa ni sufuri. Ni kama kutoka sokoni hapa Lwakhakha, ukateremka mtoni, kisha ukapanda tena hadi sokoni. Umerudi kwenye kimo kile kile.

NANI ANASUKUMA?

Sasa ijaze kapasita chaji kwa betri, toa betri, halafu iunganishe na koili. Kapasita itamwaga chaji yake. Ikiisha, wengi husema mchezo umekwisha. Mambo bado! Mkondo unaendelea, unaijaza kapasita upya kinyume cha mwanzo, kisha unarudi. Betri haipo, basi nani anausukuma?

Ni koili. Mwaka wa 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme. Kwa hiyo koili hupinga kila badiliko la mkondo wake. Mkondo ukitaka kuongezeka, inauzuia. Ukitaka kupungua, inausukuma uendelee.

TUANDIKE HESABU

Tuseme q ni chaji ya bamba la juu la kapasita, na i ni mkondo unaoingia bamba hilo. Tukizunguka kitanzi:

q/C + L × (kasi ya kubadilika kwa i) = 0

Yaani:

kasi ya kubadilika kwa i = −q/LC

Hiyo alama ya kutoa ndiyo roho ya somo. Inasema mkondo huvutwa daima kuelekea upande wa kuondoa chaji iliyopo. Ukiisahau, hesabu yako itakuambia chaji inaweza kuongezeka bila kikomo. Nishati hiyo itatoka wapi? Ukiona hivyo, rudi ukague alama zako.

Angalizo: Kirchhoff anasimama hapa kwa sharti. Volti ya koili ihesabiwe pamoja na nyingine, na uga unaobadilika ubaki ndani ya koili, usipenye kitanzi kilichobaki. Ukipenya, jumla haiwi sufuri tena. Hapo tunarudi kwa Faraday.

MFANO WA BAISKELI

Fikiria baiskeli inayoteremka kuelekea darajani bila kukanyagwa. Kimo ni chaji, mwendo ni mkondo, uzito ni koili. Pale chini kimo kimekwisha lakini mwendo ndio mkubwa kabisa, kwa hiyo inapanda ng'ambo, upande wa Uganda. Inasimama, kisha inarudi Kenya kinyumenyume. Msuguano huichosha mwisho ikatulia, kama ukinzani wa waya unavyouchosha mkondo.

FAIDA YAKE

Sisi wa mpakani redio moja hutunasia vituo vya Kenya na vya Uganda. Katika redio nyingi za kuzungusha kitufe, kitufe hicho husogeza mabamba ya kapasita, na C ikabadilika. Mawimbi ya vituo vyote hufika kwenye antena, lakini saketi huitikia zaidi yale yanayolingana na masafa yake:

f = 1/(2π√LC)

Koili ya mikrohenri 200 na kapasita ya pikofaradi 200 hutoa kama kilohezi 796, ndani ya mawimbi ya kati. Ukitaka masafa yapande mara tatu, C lazima ipungue mara tisa, kwa sababu ya kile kipeuo.

ZOEZI

Koili ikibaki ile ile, kapasita iwe kiasi gani ili masafa yapungue nusu? Mwenye jibu ampelekee mwalimu wa fizikia, na amweleze njia yote kwa Kiswahili. Penye nia pana njia.