Amekata makala yangu, akaacha jina langu

Yaya, ninasoma mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Lubumbashi, ninakaa Bel-Air kwa mjomba. Tuko na gazeti la wanafunzi, kurasa nane, linatoka kila mwezi. Niliandika juu ya asistanti mmoja anayeuza silabusi na kutia msalaba kando ya jina la kila aliyenunua. Asiye na msalaba anajua points zake zitakwenda wapi. Mhariri mkuu ni rafiki yangu, tulimaliza sekondari pamoja. Gazeti lilipotoka, nikakuta amekata aya tatu bila kuniuliza. Kilichobaki kinasema silabusi ni kitu cha maana na tununue mapema. Jina langu liko chini yake kwa herufi nene! Sasa auditoire nzima inaniita komisionere wa asistanti. Nilikasirika, nikamwandikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha promosheni: mwoga, kibaraka. Tunapanda taksibasi moja kila asubuhi na hatusalimiani. Wenzangu wanasema nichape makala nzima, niibandike usiku kwenye valve, ule ubao wa matangazo, bila jina. Mama anasema niache kuandika, nimalize masomo kwanza. Nifanye nini?
Aliyekatwa, Bel-Air

Mdogo wangu, ulifanya jambo moja la akili: ulinitumia zile aya tatu zenyewe. Wengi wanaoniandikia hunipa hasira tupu, karatasi wanabaki nayo. Zako nimezisoma mara mbili, nikiwa na kalamu mkononi.

Aya ya kwanza inamtaja asistanti kwa jina na kusema "kila mtu anajua" pesa za silabusi zinamjengea nyumba mtaa wa Golf. Kila mtu nani? Uliona mafundi wakilipwa? Kanuni ya jinai ya nchi yetu, Kongo, kifungu cha 74, inaweza kumfunga mtu anayemtuhumu mwenzake hadharani kwa jambo la kumvunjia heshima. Aya hiyo hata mimi ningeikata, na nisingepoteza usingizi. Ya tatu inamfananisha mkuu wa chuo na mnyama ambaye sitamtaja hapa. Inachekesha, lakini haisemi chochote.

Ya pili ndiyo makala. Ndani yake kuna bei, 25.000 franka. Kuna karatasi ya majina iliyopita mkono kwa mkono, misalaba yake ya wino mwekundu, majina 140 yenye msalaba uliyoyahesabu mwenyewe. Pale hukumtukana mtu, uliandika ulichokiona. Rafiki yako aliyekata ya kwanza na ya tatu alifanya kazi ya mhariri. Alipokata ya pili aliogopa, na hayo ni mambo mawili ambayo wewe umeyafunga kwenye furushi moja na kuliita udhalimu.

Ila kuna kosa lake moja ambalo simtetei hata kidogo. Fundi cherehani akiona suruali yako ni ndefu, anakuita upime kabla ya kushika mkasi. Huyu alikata, akashona vipande vilivyobaki, akakuvalisha nguo usiyoijua na kukusukuma barabarani. Mwandishi anaweza kuvumilia kukatwa. Kuzungumzishwa maneno ya mtu mwingine kwa jina lake ni jambo jingine, na hapo una haki ya kudai.

Sasa nikuulize: karatasi na wino vya gazeti lenu vinatoka wapi? Hukuandika, lakini nabahatisha kwamba ni sekretarieti ya chuo inayolipa. Sisi watu wa Lubumbashi tunalijua gazeti la namna hiyo. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzisha Mwana Shaba mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake, na baadaye Gécamines iliyoirithi ikaendelea nalo. Papa alikuwa akilileta nyumbani, sisi watoto tukagombania picha. Mfanyakazi alilisoma, mwenye migodi alililipia. Hakuna aliyetarajia kukuta humo orodha ya makosa ya mwenye migodi. Rafiki yako ana cheo cha mhariri mkuu, lakini ufunguo wa kabati la karatasi uko kwa mtu mwingine. Simpi udhuru, nakuonyesha tu mahali anaposimama.

Na asiyetaka kuishi hivyo hulipa bei. Pale Dar es Salaam, mwaka 1969, wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha jarida lao, Cheche. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa miongoni mwa wahariri. Mwaka 1970 walitoa insha ndefu ya mwenzao Issa Shivji juu ya matabaka ya Tanzania, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalifunga jarida, ikilaumu hata jina lake, eti linafuata Iskra, gazeti la Lenin. Mwaka 1971 likatokea jarida jingine pale chuoni, MajiMaji. Mkono uliolifunga Cheche ulitoka nje. Kwenu ninyi mkono huo haujahitaji hata kunyanyuka, rafiki yako ameukisia tu na kuutangulia.

Mama yako naye usimcheke. Yeyote aliyekuwa mtu mzima hapa mjini anakumbuka usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa ndani ya campus. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mzazi wa Lubumbashi akisikia neno "mwanafunzi" karibu na neno "kuandika", moyo wake unarudi kule. Mwambie kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inakupa haki ya kutoa maoni yako, kwa mdomo na kwa maandishi. Haitamtuliza, lakini mwambie.

Habari ya kubandika usiku kwenye valve, hapana. Karatasi isiyo na jina itasomwa asubuhi, saa nne itakuwa imechanwa, na mchana watakaoulizwa ni wale wasio na msalaba. Wewe utakuwa umelala kwa mjomba. Ukitaka kutoka nje ya gazeti, toka na jina lako. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha hapa, akaiita Vocabulaire de la ville de Elisabethville, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Hawakungoja gazeti la bwana liwaruhusu. Jina la Yav liko pale, na watu wa chuo kikuu wanaisoma historia hiyo hadi sasa.

Lakini kabla ya hapo, nenda nyumbani kwa rafiki yako. Usiende kwenye WhatsApp, wala usimsemeshe ndani ya taksibasi mbele za watu. Neno "kibaraka" ulilitoa mbele ya promosheni nzima, basi lifute mbele ya promosheni hiyohiyo. Kisha dai mistari miwili kwenye toleo linalofuata: kwamba makala ilikatwa bila mwandishi kujua, na kwamba yale maneno ya kununua mapema si yako. Mpe tena aya ya pili, bila jina la asistanti, na mkubaliane nani atakwenda kumwuliza asistanti mwenyewe anasemaje kuhusu misalaba. Akikataa kuichapa, chukua karatasi yako, ondoa jina lako kwenye gazeti lao, mbaki marafiki kama mnaweza.

Jambo moja zaidi. Umeandika kwamba majina 140 kwa 25.000 ni 5.300.000 franka. Nimepiga hesabu mara tatu: ni 3.500.000. Umegeuza tarakimu, ukamwongezea asistanti milioni moja na laki nane ambazo hakuzichukua, na mhariri wako hakuliona kosa hilo kwa sababu alikuwa anatafuta aya ya kukata. Ukifika kwake, anza na hapo.